Kaa wa Mama na Ziwa Lililotakata

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naipokea marahaba yako nikiwa huku mbali kama vile nimesimama uani kwetu na kofia mkononi. U hali gani? Lile goti la kushoto, bado linakusumbua ukipanda mteremko? Na kikohozi cha asubuhi? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala, nakwenda kazini. Habari za moyo utazisoma huko mbele, maana haziwezi kuenea kwenye mstari wa salamu.

Barua yako imenifikia. Ilinikuta karakanani nimelala chali chini ya mashua, nakwangua. Nilifuta mikono, nikasoma ukurasa wa kwanza, pale unaposema Mama anaumwa na kwamba amepelekwa hospitali ya Mkomaindo. Msimamizi akaniita, nikaikunja, nikamaliza ubao niliokuwa nao, ndipo nikaenda nyuma ya ghala la mbao kusoma uliobaki. Kwa hiyo kwa muda wa kukwangua ubao mmoja Mama alikuwa bado hai kwangu, mgonjwa tu. Nimeufikiria ubao ule mara nyingi. Laiti ningekuwa mzembe zaidi kazini.

Umeniandikia vizuri, Baba, pole pole, kama ulivyokuwa ukitufundisha kanisani. Umenieleza jinsi wanawake wa ukoo walivyoshuka mpaka chemchemi kuleta maji ya kumwoshea, na jinsi Mzee Chitanda, mtani wetu, alivyosimama mlangoni akakataa jeneza lisipite mpaka apewe kata ya Mama ya kuchotea maji, akisema mwanamke huyu ni mchoyo, anataka kwenda nayo kaburini aendelee kupima watu maji huko pia. Ukasema watu walicheka huku machozi yanawatoka. Nami nilicheka, peke yangu, nyuma ya ghala. Lakini kulia sikulia. Mwisho wa barua umeniuliza kama nimelia, na hilo nitakujibu.

Umeniuliza na jambo la pili, zito zaidi. Unasema matanga yamekwisha na ndugu zako wa Chiungutwa wametuma habari kwamba watakuja kukuchukua, kama ilivyo desturi kwa mwanamume aliyefiwa na mke baada ya kuishi ukweni. Unasema Mjomba, kwa kuwa anakupenda, amekwambia hakuna wa kukufukuza Newala, ukitaka kubaki katika nyumba ya Mama ubaki mpaka mwisho wako. Wewe unataka kubaki. Umeandika kwamba mimi ndiye mtoto wa nyumba hiyo, niseme neno moja tu, nawe utalifuata. Baba, hukunitendea haki kunipa neno kubwa hivyo. Lakini umenipa, nami nitalisema, baada ya kukueleza habari za ziwa na za Mzee Tomu. Usidhani nakuzungusha. Huko ndiko nilikolipata.

Mzee Tomu unamjua kwa barua zangu za nyuma. Ni yule mvuvi aliyenipa chumba, yeye na mkewe Bibi Elsi, tangu Padre aliponileta huku Uingereza kujifunza useremala wa mashua ili nikirudi niitengenezee Misheni vyombo vya kuvukia Ruvuma. Alikuwa mtani wangu kabla sijamweleza utani ni nini. Aliniita seremala wa nchi kavu. Alipenda kuwaambia watu kwamba kwetu, kwa kukosa maji, mashua huwekwa uani kuku walale ndani. Mimi nikamwambia samaki wa kwao wana ladha ya kitambaa kibichi, na kwamba mke wake alimkubali kwa sababu siku hiyo kulikuwa na ukungu. Bibi Elsi alicheka sana, akasema kweli kulikuwa na ukungu.

Nilipofika, ziwa lao lilikuwa la kijani, lenye giza. Ukitumbukiza mkono mpaka kiwiko huvioni vidole. Mimi, mtu wa Newala, nililiona ni ziwa chafu, nikawahurumia kimoyomoyo. Ndipo wakaja kome. Ni wadogo, wana mistari ya rangi ya udongo, jamii ya wale tuliowaona Mikindani wameng'ang'ania nguzo za gati, ila hawa ni wa maji baridi. Wazee wa huku wanasema wageni hawa waliletwa na mashua iliyotoka mto mwingine, wamejishika chini ya mbao. Mwanzoni nilikuwa nawakwangua wachache, kama vipele. Mwaka uliofuata walifunika mashua nzima, na mawe, na nguzo, na minyororo, na mabomba ya maji ya mji.

Na ziwa likatakata. Kila mwezi lilizidi kuwa jeupe, mpaka ukisimama gatini unaona changarawe za chini, moja moja. Nikafurahi, Baba. Nani kwetu asingefurahi? Umemwona Mama anavyotuliza maji ya matope kwenye mtungi, anasubiri mpaka kesho yake, anachota juu juu asitibue. Nikamwandikia kwamba Mungu ni mkubwa, huku ziwa zima limejituliza lenyewe. Nilidhani ndiyo habari njema kuliko zote nilizowahi kumpelekea.

Jibu lake lilikuja kwa mwandiko wako. Nadhani ulikuwa ukicheka ulipoliandika. Alisema, "Mwulize mwenyeji wako, kaa wake yuko wapi."

Unajua alimaanisha nini. Nilipokuwa mdogo nilimtoa kaa katika chemchemi yetu ili nimfunge uzi nimchezee, na Mama akanipiga, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupiga. Akanishika mkono tukashuka tena mteremko wote, jua kali, hadi nilipomrudisha kwa mkono wangu. Alisema chemchemi isiyo na kitu kinachotembea ndani yake haina mwenyewe, nayo itaondoka. Tangu hapo kila tukishuka kuchota alikuwa akitazama kwanza chini ya lile jiwe. Akimwona, anamwamkia, "Umeamkaje, mwenye nyumba?" Halafu ndipo anachota. Wanawake wengine walimtania kwamba ana mume wa pili huko chini.

Basi nikampelekea Mzee Tomu swali hilo wakati tunakunywa chai, nikidhani nampa kichekesho. Nikamweleza na kisa cha kaa. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaondoka mezani. Aliporudi alikuwa na bilauri mbili. Moja ameijaza kwenye dimbwi lililo nyuma ya nyumba, ambako kome hawajafika. Maji yake yalikuwa ya kijani, na ukiyainua kwenye mwanga unaona vijidudu vidogo sana vinarukaruka kama viroboto. Bilauri ya pili aliijaza ziwani. Haikuwa na kitu.

"Hiki ni chakula," akasema, akigusa ile ya kijani.

"Na hii nyingine?"

"Hii ni maji."

Akanieleza kwa utaratibu, na tangu siku ile sikulitazama tena ziwa kwa jicho lile lile. Ule ukijani, Baba, si uchafu. Ni vimea vidogo vinavyoelea, kama unga. Viroboto wa maji wanakula unga huo. Samaki wachanga wanakula viroboto. Samaki wakubwa wanakula wachanga, na ndege na Mzee Tomu wanakula wakubwa. Sasa kome kazi yake ni kuvuta maji ndani na kuyatoa, mchana na usiku, na kila anapoyavuta anauchuja ule unga anabaki nao. Mmoja hana madhara. Lakini wamejaa chini ya ziwa zima kama mchele uliomwagika, wote wanachuja. Unga umekwisha. Viroboto wamekufa njaa, na samaki wachanga wakakosa viroboto. Hakuna aliyetiwa sumu wala aliyeuawa. Kila mmoja alifika mezani kwake akakuta hakuna kitu.

Nilimwuliza kama hakuna anayewala hao kome wenyewe. Akasema wapo, bata wa porini, na kweli walikuja makundi makubwa wakipiga mbizi, na kwa majira kadhaa tukatumaini. Walikula mpaka wakachoka, na kome wakazaliana kuliko walivyoliwa. Halafu, kwa sababu mwanga sasa unafika chini, magugu yakaota kutoka sakafuni yakanaswa kwenye nyavu. Siku nyingine mzee alirudi na nyavu zimejaa, nzito, majani matupu. Na wale kome wakubwa wa asili wa ziwa hili, wenye ukubwa wa kiganja, ambao baba yake alimwonyesha akiwa mtoto, akanionyesha na mimi. Wageni wamewapanda mgongoni, tabaka juu ya tabaka, hata hawawezi kufungua kinywa. Alimwokota mmoja, akamkwangua kwa kisu changu polepole, akafungua. Alikuwa amekwisha kufa ndani.

Samaki alioendelea kupata walikuwa na vichwa vikubwa na miili myembamba. Utakumbuka watoto wa mwaka ule wa njaa, ule tuliokula ming'oko, mizizi ya porini, mpaka midomo ikachoka. Ndivyo walivyokuwa. Bibi Elsi alikataa kuwapika. Alisema wanamtazama.

Wana binti mjini, ameolewa, ana watoto. Aliwaandikia waje wakae naye. Bibi Elsi alitaka. Mzee Tomu akasema, "Nani ataliangalia ziwa?" Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila mtu. Wavuvi wenzake waliuza nyavu wakaenda viwandani, yeye akabaki. Akaanza kuamka mapema zaidi kuliko zamani. Anaingia mashuani, anapiga makasia mpaka katikati, anakaa. Hatupi hata wavu. Nilimwona kutoka karakanani akiwa ameinama ukingoni mwa mashua, anatazama chini kule kunakoonekana wazi, kana kwamba ameangusha kitu. Akirudi analowesha kikapu chake kabla ya kupita kwa majirani, wadhani amevua.

Nilimtania siku moja, nikamwita kwa jina nililompa la samaki wale warefu kama nyoka, nikamwambia, "Mla mikunga, naona sasa unavua changarawe." Zamani angenijibu jambo la kunivunja mbavu. Siku ile aliniambia, "Damasi, angalau lilipokuwa na giza niliweza kudhani wapo." Sikumtania tena.

Alifariki baada ya barua yako kunifikia, wakati wa baridi kali. Asubuhi nilimpelekea chai gatini kama kawaida, nikamkuta amekaa ndani ya mashua iliyofungwa, nyavu zimekunjwa vizuri miguuni, kofia kichwani. Hakuzama wala hakuanguka. Alikaa tu, na baridi ikamkuta hapo. Maji yalikuwa meupe pee chini yake. Nilishika mkono wake, nikakaa naye kidogo kabla ya kwenda kumwita Bibi Elsi, maana sikutaka awe peke yake.

Sasa sikiliza nilichofanya siku ya mazishi. Huku wafiwa wananyamaza. Wamevaa nyeusi, wanasema maneno madogo, wanakunywa chai. Jeneza lilipoinuliwa, mimi nilikuwa karibu na mlango. Sijui nikuambie nini, Baba. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Nikasimama mlangoni, nikanyoosha mikono huku na huku, nikasema kwa sauti, "Huyu hapiti. Mzee huyu mbishi alinitukana miaka yote, ameninyima tumbaku, anataka kuondoka nayo mfukoni. Hapiti mpaka nipewe."

Ungewaona. Padre wao alikuwa mwekundu. Mkwe wa marehemu alinishika bega anitoe, akidhani nimelewa. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kucheka, hapakuwa na wa kunijibu matusi, wala mwanamke wa kupiga kigelegele. Mtani mmoja, bila watani wenzake, ni mwendawazimu mlangoni. Nikaona aibu, nikataka kushusha mikono, na mikono haikushuka.

Bibi Elsi akawaambia waniache. Akaja mbele yangu, akaniuliza kwa upole, "Kwenu ndivyo mnavyofanya?" Nikamwambia ndivyo. "Kwa mtu mnayempenda?" Nikamwambia kwa huyo tu. Akarudi ndani, nasi wote tumesimama pale, wale wanaume wamelibeba jeneza mabegani. Akatoka na kikopo cha tumbaku cha mzee, akakiweka mkononi mwangu, akasema, "Chukua, mwizi wewe, umwache apite." Na akacheka. Akacheka mpaka akanishika asianguke.

Hapo ndipo nilipolia, Baba. Nililia mbele ya wageni wale wote, nikiita, nami sikuwa nikiita jina la Mzee Tomu. Nililia kwa ajili ya kata ya maji aliyoidai Mzee Chitanda. Nililia kwa sababu Mama amepita mlango ule na mimi sikuwapo, hata kumwona akizuiwa. Umeniuliza, basi ndivyo nilivyolia, na mpaka leo nikianza siwezi kujizuia mapema.

Wiki hii Bibi Elsi amehama kwenda kwa binti yake. Nilimsaidia kufunga vitu. Kabla ya kuondoka alifagia nyumba yote, akafuta madirisha, akapanga viti. Tukasimama mlangoni tunaitazama. Ilikuwa safi, safi kabisa, na kupitia dirishani ukaliona ziwa nalo safi nyuma yake. Nikakumbuka maneno yako, yale uliyoyaandika katikati ya barua kama jambo dogo tu: "Nyumba imekuwa safi, Damasi. Nikifagia asubuhi, jioni naikuta hivyo hivyo. Hakuna wa kuichafua."

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko yale ya kifo.

Baba, neno langu ni hili. Nenda Chiungutwa.

Najua nakuumiza. Najua mikorosho ile uliipanda wewe, na kwamba ulipoingia ukweni ulikuwa kijana mwenye jembe na Biblia, na kaburi lipo hatua chache tu kutoka dirishani. Najua unataka kumwangalia. Mzee Tomu naye aliliangalia ziwa lake mpaka likammaliza, na halikujua kama anaangaliwa. Sitaki barua nyingine inikute chini ya mashua. Sitaki jirani akuletee uji asubuhi akukute umekaa barazani, umefagia.

Huko Chiungutwa Shangazi Ester ana nyumba inayonuka moshi na watoto. Wajukuu watalala juu ya miguu yako, watakojolea mkeka wako, watakuibia karanga, watakuuliza maswali wakati unasali. Watakuchafulia kila kitu. Nenda wakakuchafulie, Baba. Nimemwandikia Mjomba kwa bahasha nyingine, kumshukuru kwa roho yake nzuri na kumwomba apalilie kaburi mpaka nitakaporudi. Nikimaliza mafunzo, sitapitia Newala kwanza. Nitakuja Chiungutwa nikuchukue, tupande pamoja kwenda kumsalimu.

Nisalimie Shangazi Ester, mwambie akuwekee kitanda mahali penye kelele. Msalimie Mjomba, na wanawake wa ukoo waliobeba maji yale ya mwisho, mmoja mmoja. Mwalimu wa shule aliyekuazima kalamu nzuri, naye nisalimie. Mzee Chitanda mtani mpe hii tumbaku ninayotuma katika kikopo, uniambie atakachosema, hata kikiwa kibaya. Hasa kikiwa kibaya. Kata ya Mama mwachie, ameipata kihalali.

Bado ombi moja. Kabla hawajakuja kukuchukua, goti likikuruhusu, shuka mteremko mpaka chemchemi. Usiende kuchota. Inama tazama chini ya lile jiwe, umwamkie kama yeye alivyokuwa akimwamkia, umwambie mgeni wake wa kila siku hatakuja tena. Kisha uniandikie kwamba umemwona.

Na kama hukumwona, Baba, niandikie hivyo hivyo kwamba yupo.

Ni mimi mwanao, ambaye sasa amelia,

Damasi